Mkono Uligusa Chini

Mtawa mkuu wa hekalu hili, shemeji yangu Chinatsu, binti yetu Honami, majirani wa Itayanagi, na ninyi wenzake marehemu mliokuja kutoka Tokyo kwa treni ya asubuhi, ambao nimeona mmepewa mito miwili miwili ya kukalia na bado magoti yanawasumbua, mimi naitwa Osanai Teruhiko, mdogo wake marehemu, ni dereva wa treni katika reli ya Gono, na familia imenichagua nisome historia hii kwa sababu nimezoea kutaja vituo kwa mpangilio bila sauti kutetemeka. Nitasoma hivyo hivyo, kituo baada ya kituo, tarehe na mahali. Kuna jambo moja tu ambalo halikuwemo katika karatasi aliyoiona shemeji juzi, nalo ni ujumbe ambao baba yetu alimtumia marehemu karibu miaka kumi na tisa iliyopita, akanipa mimi niufikishe, na mimi sikuufikisha. Nitautoa leo, tutakapofika mahali pake.

Marehemu Osanai Yasutomo alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 9 Februari 1972, hapa Itayanagi, mkoa wa Aomori, nyumbani kwetu, mwaka ambao theluji ilifika dirishani na mkunga aliingia kwa kupita hapo hapo dirishani, na mtoto alikuwa na uzito wa kilo nne na gramu mia tisa. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wana wawili wa Mzee Osanai Gonroku, mkulima wa matufaha, na Mama Osanai Kiwa, aliyetangulia mwaka 1990. Wengi wenu mlimjua baba, wala sina haja ya kumpamba, hakuwa msemaji, nyumbani aliweza kumaliza siku nzima kwa maneno manne, na mawili kati ya hayo yalikuwa “leteni chai”. Lakini kila tarehe 18 Agosti, siku ya sherehe ya madhabahu yetu, alivaa joho la babu, akashika upepeo wa mwamuzi uliochongwa na babu huyo huyo, akachezesha sumo ya kijiji kizima, na siku hiyo alikuwa na sauti ambayo sisi watoto wake tuliisikia mara moja kwa mwaka. Alikuwa akiinua upepeo kuelekea upande wa mshindi, mashariki au magharibi, anaita jina lake, mshindi anachuchumaa kulipokea jina, aliyeshindwa anainama na kwenda zake. Hakuwahi kubadilisha uamuzi. Mwaka 1984 nilishindana na mtoto wa binamu yetu, nikamsukuma nje kabisa ya duara, lakini kidole changu kimoja kilikuwa kimegusa udongo kabla, hakuna aliyekiona isipokuwa baba, na nilipolia njiani kurudi nyumbani akaniambia maneno matatu, “Aliyegusa chini, amegusa.” Mimi jina langu hakuwahi kuliita hata mwaka mmoja. La kaka aliliita kila mwaka.

Marehemu alisoma shule ya msingi ya hapa mtaani kuanzia Aprili 1978 hadi Machi 1984, na shule ya kati kuanzia Aprili 1984 hadi Machi 1987. Katika masomo hakuvuma, katika hesabu hasa, na kitu ambacho walimu wake walikikumbuka mpaka uzeeni ni kwamba alipokuwa darasa la sita mizani ya shule ilifika mwisho kabla yake, ikabidi apelekwe kwenye ghala la ushirika apimwe kwa mizani ya matufaha, ikasoma kilo tisini na mbili, na karani wa ghala akataka kujua ni daraja la kwanza au la pili.

Mwezi Machi 1987, akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, alijiunga na kambi ya sumo ya Matsugamine, wilaya ya Sumida, Tokyo, na akaingia ulingoni kwa mara ya kwanza katika mashindano ya Osaka mwezi huo huo. Miaka minane aliamka alfajiri, akafagia udongo, akapika mchuzi wa kambi, akawasugua wakubwa mgongo, akala wa mwisho, na hakuandika barua hata moja ya kulalamika, au labda aliandika na baba akazificha. Mwaka 1991 mkuu wa kambi alimpa jina la ulingoni, Shirakaminada, kwa heshima ya milima ya kwetu. Novemba 1995, katika mashindano ya Fukuoka, alipanda daraja la wanaolipwa mshahara, akavaa mkanda mweupe mazoezini, akapata chumba chake mwenyewe. Baba alisafiri kwa treni siku mbili kwenda kumwona, kwa sababu ndege hakuiamini, akatazama pambano moja, kaka akashinda, akageuka siku hiyo hiyo kurudi kwa kuwa matufaha ya mwisho wa msimu yalikuwa bado mitini. Alipofika nyumbani nilimuuliza ilikuwaje, akasema, “Mwamuzi wa kule ana sauti nzuri.” Hayo ndiyo maneno marefu zaidi ya furaha niliyowahi kumsikia nayo.

Tarehe 11 Julai 1999, huko Nagoya, goti la kulia la marehemu lilivunjika, akafanyiwa upasuaji, akawekewa skrubu mbili. Alishuka daraja, akakosa mshahara, akarudi jikoni na kwenye kusugua migongo, safari hii migongo ya watu aliowazidi umri kwa miaka kumi, na baada ya mashindano ya Mei 2001 akaomba kustaafu, baada ya miaka kumi na minne. Kampuni moja ya mieleka ya maonyesho ya Tokyo ilikuwa imemwita. Alipiga simu nyumbani kumweleza baba, mimi ndiye niliyeipokea na kumpa baba, na baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Ukienda kuanguka kwa kulipwa, jina lako sitaliita tena.” Akakata simu, akatoka kwenda kupunguza matunda machanga mitini.

Shungi la marehemu, lile la nywele za mcheza sumo ambalo hukatwa anapostaafu, lilikatwa siku ya Jumapili, tarehe 30 Septemba 2001, katika ukumbi wa kambi, akiwa amekaa kwenye kiti, na watu arobaini na watatu wakipita nyuma yake mmoja mmoja, kila mmoja akikata nywele chache tu, mkuu wa kambi akingoja kukata za mwisho. Nafasi ya baba ilikuwa wazi. Nilipomaliza kukata kwa zamu yangu niliomba nikate tena kwa niaba ya baba, lakini mkuu wa kambi alinijibu kwa upole kwamba mkasi ni mmoja kwa mtu mmoja, na asiyekuja hakuja. Shungi lilitoka saa saba na dakika kumi na mbili mchana, najua kwa sababu nilikuwa natazama saa ya ukutani badala ya kumtazama yeye. Wenzake waliniambia baadaye kwamba alilia.

Januari 2002 alianza kujifunza mieleka ya maonyesho. Ndugu zangu mnaoijua sumo mnaelewa shida aliyokutana nayo, na msioijua ni rahisi kueleza, kwa miaka kumi na minne mtu huyu alifundishwa jambo moja tu, asiguse chini kwa kitu chochote isipokuwa nyayo, na sasa kazi yake ilikuwa kuanguka, kila siku, kwa mgongo, kwa kishindo, watu wapige makofi. Mwili ulikataa. Walimsukuma wanne akabaki amesimama kama jokofu. Bwana Iketani, mkufunzi wake, ambaye yupo nasi hapa safu ya tatu, alikuwa akimbembeleza, “Anguka tu, kaka, sakafu haina ugomvi na wewe,” na kaka anajibu ndiyo mkufunzi, na haanguki. Ilichukua miezi minne. Alipanda ulingoni kwa mara ya kwanza mwezi Agosti 2002.

Marehemu alifunga ndoa na shemeji yetu Chinatsu tarehe 14 Juni 2003, mjini Goshogawara. Walijuana kwa sababu ya kichwa, kwani shemeji alikuwa na saluni yake, na kaka alikuwa mtu wa miaka thelathini ambaye hajui kinyozi ni nini, akaingia akakaa, na shemeji akamwambia kichwa chake bado kinanuka mafuta ya shungi, akamwosha mara tatu bila kumlipisha. Baba hakuhudhuria. Alituma sanduku moja la matufaha kutoka ghala la baridi, mwezi Juni, wakati ambapo hata wenyewe hatukuwa tunayala tena, yamefungwa moja moja kwa karatasi, bila barua. Tarehe 3 Novemba 2004 walijaliwa binti, Honami, aliyezaliwa Tokyo.

Sasa nafika mwaka 2005. Msimu wa kupukutika kwa majani mtayarishaji mmoja wa mapambano ya ngumi na mateke, yale ya mkesha wa mwaka mpya yanayoonyeshwa nchi nzima, alitafuta mtu mnene wa kumpambanisha na Mholanzi mmoja mwenye urefu wa mita mbili, na kaka akakubali. Watu walisema alifuata fedha. Alinipigia simu mimi tarehe 2 Desemba, na aliloniambia ni hili, “Teru, safari hii hakuna maigizo. Hakuna aliyepanga nani aanguke. Mwambie Baba atazame.” Hilo ndilo alilolitaka, baba amwone katika pambano la kweli amhukumu, basi, na kama mtu akikuuliza kaka yangu alipigania nini katika maisha yake unaweza kumjibu hivyo na usikosee. Nilimwambia baba. Baba hakujibu, ila tarehe 31 alinyoa ndevu.

Tulitazama kwenye televisheni katika ukumbi wa mtaa, watu kama sitini, na wengi wenu mlikuwepo, tambi za kufungia mwaka zikiwa mezani. Pambano lilianza saa moja na dakika arobaini na saba jioni. Kaka alitoka kwenye kona yake kama anavyotoka mcheza sumo, chini chini, akamfikia Mholanzi kabla hajanyanyua mguu, akamkumba mpaka kwenye kamba, akamgeuza, akamsukuma kichwa kuelekea chini, na Mholanzi akayumba na mkono wake wa kushoto ukagusa sakafu. Kaka akasimama. Akarudi nyuma nusu hatua, akashusha mikono yake mapajani, akainama. Hakufikiri, nawaomba muelewe hivyo, watu waliandika mengi kwamba alikuwa mjinga au alichanganyikiwa au alihongwa, lakini mwili wake ulijua tangu utotoni kwamba mkono ukigusa chini pambano limekwisha, na mshindi hampigi tena aliyeshindwa. Mholanzi naye, kwa sheria zake, hakuwa ameshindwa na chochote, aliinuka akampiga teke la uso wakati kaka bado ameinamisha kichwa. Zilikuwa zimepita sekunde kumi na nne.

Ukumbini mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Baba akafanya jambo, na njiani kurudi nyumbani, kwenye theluji, akanipa maneno ya kumpelekea kaka. Hapa ndipo mahali pa ule ujumbe. Nimefika, na nimeona siwezi kuutoa. Naomba mniruhusu kituo hiki nikipite bila kusimama, kazini kwetu hilo ni kosa na mtu huandikiwa ripoti, lakini nitarudi, sitashuka hapa mbele bila kurudi.

Tarehe 1 Januari 2006 nilipiga simu, laini ilikuwa inatumika. Tarehe 2 nilikuwa kazini. Tarehe 3, katika chumba cha madereva, televisheni ilirudia lile teke mara sita kwa mwendo wa polepole, wenzangu wakicheka mpaka chai inamwagika, na mmoja akaniuliza kama yule Osanai ni ndugu yangu, nikamjibu kwamba jina la ukoo ni moja tu, Aomori akina Osanai ni wengi. Baada ya hapo sikupiga simu tena. Nimejiuliza kwa nini kwa miaka yote hii, na jibu nililo nalo si zuri, nilikuwa na wivu. Mimi ndiye niliyebaki na theluji ya paa, na miti, na mzee asiyesema, na maneno aliyonipa usiku ule hayakuwa yangu, hata moja. Wahenga walisema mjumbe hauawi, lakini hawakusema afanywe nini mjumbe anayeukalia ujumbe.

Baba alifariki ghafla siku ya Ijumaa, tarehe 24 Februari 2006, akiwa juu ya paa anaondoa theluji, siku hamsini na tano baada ya pambano. Kaka alikuja, na kovu la lile teke lilikuwa bado jekundu chini ya jicho. Baada ya mazishi tulikuwa jikoni wawili, mimi naosha vikombe na yeye anafuta.

“Baba alilitazama pambano?” akauliza.

“Alilitazama.”

“Alisema nini?”

“Hakusema kitu.”

Akakifuta kile kikombe kwa muda mrefu, akakiweka na vingine, akasema, “Basi.” Nilikuwa na nafasi ya kusema nimekosea, ya kusema ngoja kwanza, alikuwa umbali wa mkono kutoka kwangu. Nikaendelea kuosha.

Mwezi Mei mwaka huo alirudi kwenye mieleka ya maonyesho, na kampuni ikampa jina jipya, Mlima Unaoinama, na kazi yake ikawa hii, mpinzani wake akigusa sakafu kwa mkono, yeye anasimama, anashusha mikono, anainama kwa adabu, na anapigwa teke. Watu waliipenda sana kazi hiyo. Walikuja na watoto wao, wakawa wanahesabu kwa sauti moja, wanamwita ainame. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na mitatu, katika miji ambayo mimi naijua kwa majina ya vituo tu, mara elfu moja na zaidi kwa hesabu ya Bwana Iketani, ambaye anasema hakuna mcheza mieleka aliyekuwa mpole wa kufanya naye kazi kama yeye. Aliipata riziki yake kwa halali na akamsomesha binti yake. Lakini mimi nilijua, kila mara nilipoliona tangazo lake stesheni, kwamba mtu aliyeambiwa ameshinda pengine asingekubali kazi ile.

Shemeji ameniomba niseme na hili. Honami akiwa na umri wa miaka sita alipelekwa kumwona baba yake kazini, na alitoka akiwa amenuna, kwenye gari akamuuliza kwa nini anainama na yule mtu bado anapiga. Kaka akamwambia, “Kwa sababu ameshagusa chini, ameshindwa.” Honami akasema, “Lakini amekupiga wewe.” Kaka akasema, “Yeye hajajua bado.” Shemeji anasema hakuwa anatania.

Novemba 2019 marehemu aliacha kazi ya ulingo, na Aprili 2020 akarudi hapa Itayanagi na familia yake, tukagawana miti, yeye ya upande wa mto na mimi ya upande wa reli. Hakuhitaji ngazi ndefu. Mwaka 2022 wazee wa madhabahu walikwenda kwake, kwa heshima zote, wakamwomba achukue nafasi ya baba, awe mwamuzi wa sherehe ya Agosti, kwa kuwa upepeo ulikuwa umekaa kabatini kwangu miaka kumi na sita. Aliwapa chai, akawashukuru, akakataa. Mimi nilikuwepo. Alisema, “Mzee aliondoka bila kuniambia neno. Siwezi kushika upepeo wake.” Wazee wakanitazama mimi nimshawishi, na mimi nikasema tuheshimu uamuzi wake.

Marehemu alikuwa na ugonjwa wa kisukari uliogunduliwa mwaka 1997, na figo zikaanza kushindwa, hivyo kuanzia tarehe 5 Aprili 2021 alikuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, katika kliniki iliyoko Goshogawara. Alikuwa akienda kwa treni, na mara nyingi ilikuwa treni yangu, anakaa kiti cha mbele kabisa, nyuma ya mgongo wangu, na anachukua viti viwili akiwaomba radhi abiria. Juu ya kichwa changu pana kibao kinachosema abiria wasizungumze na dereva. Kwa miaka mitatu na nusu nilijificha nyuma ya kibao hicho. Alikuwa akishuka ananigongea kioo mara mbili, nami nanyanyua glavu.

Tarehe 12 Novemba mwaka huu, 2024, hali yake ilibadilika, akalazwa hospitalini Hirosaki kwa tatizo la moyo. Jumapili tarehe 17 nilikaa naye kuanzia saa nane mchana. Alikuwa na akili zake timamu, tulizungumza habari za matufaha, kwamba mwaka huu jua limeyaunguza, kisha akaniuliza, “Teru, mkono wa yule Mholanzi uligusa, au niliona vibaya?”

Nikasema, “Uligusa.”

Akasema, “Kumbe,” akafumba macho.

Maneno ya baba yalikuwa yameshafika mdomoni. Muuguzi akaingia kumgeuza, wakahitajika wauguzi watatu na mimi wa nne, na tulipomaliza alikuwa amelala, nikaona nisimwamshe, nitamwambia kesho nikitoka zamu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi nilingoja nikiwa na saa mkononi. Marehemu alifariki dunia siku ya Jumatatu, tarehe 18 Novemba 2024, saa nane na dakika kumi mchana, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili, mke wake na binti yake wakiwa pembeni yake. Mimi nilikuwa ninaondoka kituo cha Mutsu-Tsuruta, kwa wakati, bila kuchelewa hata dakika.

Jana asubuhi tulimchoma, na mchana tukaokota mifupa, ambayo haikutosha katika chombo kikubwa kuliko vyote walivyokuwa navyo, mhudumu akaomba radhi, tukaongeza cha pili. Zile skrubu mbili za goti zilibaki kwenye majivu, Honami akaziomba. Nilikuwa nimekusudia kuuweka upepeo wa baba ndani ya jeneza. Nilikuja nao. Ulibaki ndani ya gari langu, kwenye kiti cha nyuma, na nilipoukumbuka mlango wa tanuri ulikuwa umeshafungwa. Kwa hiyo mnaweza kuona kwamba sijabadilika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Hirosaki, na wale wa kliniki ya Goshogawara waliomtengenezea kiti cha upana wake bila yeye kuomba. Inawashukuru majirani waliotuvunia matufaha ya upande wa mto wakati sisi tukiwa hospitalini, tumeyakuta kwenye masanduku na hatujui hata ni nani na nani. Inawashukuru watu wa kambi ya Matsugamine, mkuu wa kambi wa sasa na wa zamani, na Bwana Iketani na wenzake wa ulingoni, ambao jana niliwaona wakibeba jeneza kwa kupokezana na hakuna aliyesema ni zito. Inawashukuru madereva wenzangu walioshika zamu zangu. Na mimi namwomba radhi shemeji Chinatsu, na Honami, kwa yale mliyoyasikia leo mkiwa na watu wengine, nilipaswa kuwaambia kwanza ninyi, nimeshindwa, kama nilivyoshindwa mengine.

Sasa narudi kwenye kituo nilichokipita.

Kaka, tarehe 31 Desemba 2005, saa moja na dakika arobaini na nane jioni, watu walipokuwa wakicheka, Baba alisimama. Alisimama katikati ya ukumbi wa mtaa, na suruali yake ya shambani na kidevu chake alichokinyoa, akainua mkono wa kulia bila upepeo, akauelekeza upande wako, akaliita jina lako kwa ile sauti ya Agosti, watu wakainamia tambi zao kwa aibu, wakadhani mzee amechanganyikiwa, wala hakuna aliyelitaja tena jambo hilo, na mimi mwanawe ndiye niliyemshika kiwiko nikamtoa nje. Njiani aliniuliza kama nimeuona mkono. Nikasema nimeuona. Akasema, “Kiganja kizima. Mwambie Yasu nimeamua, na sibadilishi.” Kisha akasimama kwenye theluji akashusha pumzi, akasema, “Mwambie nimeliita jina lake.” Nikamjibu, “Ndiyo, Baba.”

Huo ndio ujumbe, wote, hakuna nilichobakiza.

Upepeo ninao hapa, nimeuleta kutoka kwenye gari. Sijui mashariki ya hekalu hili ni upande gani, kwa hiyo nitauelekeza pale ulipo wewe. Sauti si yangu na kazi si yangu, mimi naifikisha tu.

Ushindi, mashariki, Shirakaminada.

Chuchumaa ulipokee jina lako, kaka, usiwe na haraka, goti haliumi tena. Kisha pumzika kwa amani.